Leza Zinazoendeshwa na Kemia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukitaja leza, wengi wanafikiria waya, plagi na taa. Lakini zipo leza ambazo nishati yake haitoki kwenye umeme. Gesi mbili zinakutana, zinaungana, na muungano huo ndio unaozaa mwanga. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila ninapofundisha sehemu hii ya kemia, na nimeyapanga kuanzia mepesi. Aliyekwisha kujua misingi anaweza kuruka hadi swali la 5. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo.

## Misingi

1. Leza ya kemikali ni nini hasa?

Ni leza inayopata nishati yake kutoka kwenye mmenyuko wa kemikali. Leza nyingine hulishwa kutoka nje: umeme unapitishwa kwenye gesi, au taa kali inamulika fuwele. Katika leza ya kemikali, molekuli inazaliwa ikiwa tayari imebeba nishati.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa florini na haidrojeni. Atomu ya florini inagongana na molekuli ya haidrojeni, inanyakua atomu moja, na molekuli ya floridi ya haidrojeni (HF) inayozaliwa inatoka ikitetemeka kwa nguvu. Ikipoteza sehemu ya mtetemo huo, inatoa mwanga wa infraredi, ambao jicho haliuoni. Panga vioo viwili pande mbili za gesi hiyo, mwanga upite ukirudi, na kama masharti yametimia utapata leza.

2. Kama mmenyuko unatoa joto jingi, si hilo tu linatosha?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mkaa unaowaka kwenye jiko unatoa nishati tele, lakini hauwezi kuwa leza hata ukiuzungushia vioo vya dunia nzima.

Leza inataka hali isiyo ya kawaida: molekuli zilizo kwenye kidato cha juu cha nishati ziwe nyingi kuliko zilizo kwenye kidato cha chini. Hali hiyo tuiite mpinduko wa idadi. Joto peke yake haliwezi kuleta mpinduko, kwa sababu joto daima hujaza vidato vya chini kwanza. Katika HF iliyo kwenye joto la kawaida la chumba, hazifiki molekuli 1 kati ya milioni 100 zilizopanda kidato cha kwanza cha mtetemo. Ukiongeza joto, zitaongezeka, lakini za juu hazitawahi kuzishinda za chini.

Kwa hiyo swali la msingi halihusu mmenyuko unatoa nishati kiasi gani. Linahusu nishati hiyo inaangukia wapi. Inaweza kuingia kwenye mwendo wa molekuli (ambao ndio joto), kwenye mzunguko wake, kwenye mtetemo wake, au kwenye elektroni zake. Anayetaka leza ya HF anataka iangukie kwenye mtetemo, tena kwa wingi, kabla migongano haijaisambaza.

3. Spektroskopia inaingia wapi?

Inaingia mwanzoni kabisa, kabla ya vioo. Molekuli iliyosisimka ikitulia inatoa mwanga wa urefu wa wimbi unaotegemea kidato ilichotoka na kidato ilichoshukia. Ukiutawanya mwanga huo na kupima ukali wa kila mstari, unajua molekuli ngapi zilikuwa kwenye kila kidato. Kipimajoto kitakwambia tu kwamba gesi imepata joto. Spektra, yaani mwanga huo uliotawanywa na kupimwa mstari kwa mstari, inakwambia nishati iligawanywaje pale pale ilipotoka.

Ndiyo maana ninasisitiza jambo moja kwa kila anayeniuliza kuhusu leza hizi: hazikuanza na watu waliotaka leza. Zilianza na watu waliokuwa wakisoma mwanga hafifu mno wa mimenyuko, kwa subira, ili waelewe kemia.

4. Nani waliianzisha kazi hii?

Mizizi iko Berlin, kabla ya Vita Kuu ya Pili, ambako Michael Polanyi alichunguza mvuke wa natiri ukikutana na gesi kama klorini kwenye shinikizo dogo sana, na mwanga wa njano uliotoka hapo. Mwanawe, John Polanyi, aliendeleza fikra hiyo katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Mwaka 1958, yeye na mtafiti mwenzake Cashion waliripoti mwanga wa infraredi kutoka mmenyuko wa atomu za haidrojeni na klorini. Mwanga ule ulikuwa wa molekuli za kloridi ya haidrojeni (HCl) zilizozaliwa zikitetemeka. Mwaka 1961, Polanyi akapendekeza kwamba mimenyuko ya aina hiyo inaweza kuendesha leza.

Waliofika wa kwanza ni Jerome Kasper na George Pimentel katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1964 walipata leza ya atomu za iodini kwa kuivunja molekuli yenye iodini kwa mmweko wa taa. Hiyo bado ilikuwa ikilishwa na mwanga wa nje. Mwaka 1965 wakaripoti leza ya HCl kutoka mchanganyiko wa haidrojeni na klorini uliolipuliwa kwa mmweko, na hiyo ndiyo leza ya kwanza ya kemikali. Pimentel alikuwa bingwa wa spektra za infraredi. Ndiye aliyeongoza kazi ya kipimo cha infraredi kilichopelekwa sayari ya Mars kwenye vyombo Mariner 6 na 7 mwaka 1969. John Polanyi alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1986, pamoja na Dudley Herschbach na Yuan T. Lee.

## Kuisoma spektra

5. Mtu anaisomaje spektra ya HF, hatua kwa hatua?

Tuchukue mmenyuko wenyewe: F + H₂ → HF + H. Unatoa takriban kilojuli 134 kwa kila moli. Mtetemo wa HF una vidato kama ngazi, ila nafasi kati ya kidato na kidato zinapungua kadiri unavyopanda. Upungufu huo ni zawadi kubwa. Kama nafasi zingekuwa sawa, mwanga wa kushuka kutoka kidato cha 3 hadi cha 2 ungelingana na ule wa kutoka 1 hadi 0, na tusingeweza kuvitofautisha. Kwa kuwa hazilingani, kitovu cha bendi (kundi la mistari ya mwanga) ya 1→0 kiko karibu na mikromita 2.52, ya 2→1 karibu na 2.64, na ya 3→2 karibu na 2.76. Kila mshuko una anwani yake.

Ndani ya kila bendi kuna mistari mingi myembamba, kwa sababu molekuli inayotetemeka pia inazunguka. Unachukua mstari mmoja, unapima ukali wake, kisha unaugawanya kwa uwezekano wa mshuko huo kutokea kwa sekunde. Hatua hii ya kugawanya ndiyo wanafunzi huisahau. Mstari unaong'aa zaidi si lazima uwe wa kidato chenye molekuli nyingi zaidi. Huenda molekuli za hapo ni wepesi tu wa kutoa mwanga. Ukishagawanya, unajumlisha mistari yote inayoanzia kidato kimoja, na hapo una idadi.

Kundi la Toronto lilipofanya hesabu hii, lilipata kwamba kwa kila molekuli 100 zinazozaliwa kwenye kidato cha 2, zipo kama 31 kwenye kidato cha 1 na 47 kwenye kidato cha 3. Zitazame namba hizo taratibu. Kidato cha 2 kimekishinda cha 1 mara tatu! Mpinduko umeshapatikana tangu kuzaliwa. Ukijumlisha nishati yote ya mtetemo, inafika takriban theluthi mbili ya nishati iliyokuwepo ya kugawanywa.

Kuna jambo jingine dogo ninalolipenda. Kidato cha 3 kinahitaji kilojuli 136 kwa moli, ilhali mmenyuko unatoa 134 tu. Zile zilizopungua zinatoka kwenye nishati ambayo atomu na molekuli zilikuja nayo kwenye mgongano. Kidato cha 4 kiko juu mno, na ndiyo maana hakionekani kwenye spektra ya mmenyuko huu.

6. Kwa nini majaribio haya hufanywa kwenye ombwe na kuta za baridi kali?

Kwa sababu molekuli zilizosisimka haziishi kwa amani. HF inayotetemeka ikigongana na HF nyingine, au na ukuta, inapoteza msisimko wake. Ukichelewa kuitazama, unachokiona ni matokeo ya migongano, na habari za kuzaliwa zimeshapotea.

Polanyi na wenzake walitumia njia mbili. Ya kwanza ni kupima spektra sehemu kadhaa kando ya mkondo wa gesi, kisha kurudi nyuma kwa hesabu hadi pale mmenyuko ulipoanzia. Ya pili ni kuzuia mambo yasiharibike tangu mwanzo: shinikizo linashushwa sana kwa pampu, na kuta za chombo zinapozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kelvini 77. Molekuli inayogusa ukuta ule inanasa, kwa hiyo kinachomulika katikati ya chombo ni molekuli changa tu. Bei yake ni mwanga hafifu sana, ndiyo maana kazi ile ilidai vitambuzi bora vya infraredi na saa nyingi za kusubiri.

7. Kwa nini mmenyuko mmoja unaweka nishati kwenye mtetemo na mwingine hauweki?

Inategemea nishati inaachiwa lini katika safari ya mmenyuko. Ikiachiwa mapema, wakati atomu mpya bado inakaribia na kifungo kipya bado kirefu kupita kiasi, kifungo hicho kinajifyatua kama uzi wa upinde ulioachiwa, na molekuli inatetemeka. Florini na haidrojeni ni wa kundi hili. Ikiachiwa kwa kuchelewa, wakati vipande viwili vinasukumana kuachana, sehemu kubwa inaishia kwenye mwendo, na hapo umepata joto tu.

Mfano wa kuvutia zaidi ni atomu ya oksijeni ikikutana na CS (molekuli ya kaboni na salfa), ambapo CO (ya kaboni na oksijeni) na salfa vinatoka. Spektra zilionyesha kwamba CO nyingi inazaliwa karibu na kidato cha 12 au 13. Molekuli inashuka vidato kimoja kimoja, na kila mshuko unaweza kuchangia mwanga wa leza, karibu na mikromita 5.

8. Je, ni mwanga unaotoka wenyewe tu unaopimwa?

La. Kuungoja mwanga utoke ni njia moja, lakini molekuli zilizo kwenye kidato cha chini kabisa hazitoi mwanga wowote, kwa hiyo njia hiyo haizioni. Hili ni tundu kubwa, kwani ili kujua kama kuna mpinduko lazima ujue na za chini ni ngapi.

Tundu hilo huzibwa kwa njia mbili. Unaweza kupitisha mwanga wa urefu wa wimbi unaojulikana ukapima umepungua kiasi gani. Au unaweza kuigonga molekuli kwa leza ndogo inayobadilishwa rangi, kisha ukapima mwanga inaourudisha. Njia hii ya pili ilitumiwa na Richard Zare na wenzake mwaka 1972 kusoma oksidi ya bariamu inayozaliwa bariamu inapokutana na oksijeni. Tangu hapo imekuwa chombo cha kila siku katika maabara za aina hii.

9. Leza inaweza kufanya kazi bila kidato kizima cha juu kukishinda cha chini?

Inaweza. Tulisema kwenye swali la 5 kwamba kila kidato cha mtetemo kina vidato vidogo vya mzunguko. Gesi ikiwa baridi kimzunguko, molekuli zinarundikana kwenye mizunguko ya chini. Ukichukua mshuko ambao molekuli inaishia na mzunguko mkubwa zaidi kwa hatua moja, kituo cha kufikia kinaweza kuwa kitupu kuliko cha kuondokea, hata kama kwa jumla kidato cha chini kina watu wengi zaidi. Mpinduko huu wa sehemu ndio unaoeleza kwa nini leza za HF hutoa mwanga kwenye mistari ya upande wa mawimbi marefu, kati ya mikromita 2.6 na 3.0, mbali kidogo na vitovu vya bendi.

## Leza zenyewe

10. HF na DF zinatofautianaje?

Kemia ni ile ile, ila DF inatumia deuteri, haidrojeni nzito. Atomu nzito inatetemeka polepole zaidi, kwa hiyo mwanga unahamia mikromita 3.6 hadi 4.2. Tofauti hiyo ina maana kubwa nje ya maabara: mvuke wa maji hewani unaumeza mwanga wa HF, wakati mwanga wa DF unapita vizuri. Kwa hiyo anayetaka kutuma mwanga mbali anaingia gharama ya deuteri.

Leza za mwanzo zilitoa mimweko mifupi. Mwaka 1969, watafiti wa Aerospace Corporation huko California walipata leza ya HF inayotoa mwanga mfululizo, kwa kuitiririsha gesi kwa kasi inayozidi ya sauti na kuchanganya haidrojeni njiani.

11. Leza ya oksijeni na iodini inafanyaje kazi?

Hii ilizaliwa mwaka 1977 katika maabara ya silaha ya Jeshi la Anga la Marekani, Kirtland, New Mexico. Kwangu mimi ndiyo yenye kemia nzuri kuliko zote, kwa hiyo nivumiliwe nikikaa hapa kidogo.

Gesi ya klorini inapitishwa kwenye kimiminika cha peroksidi ya haidrojeni kilichotiwa besi. Kinachotoka ni chumvi, maji, na oksijeni ambayo si ya kawaida: elektroni zake mbili za nje zimejipanga kwa namna iliyosisimka. Tuiite oksijeni iliyosisimka. Imebeba kilojuli 94 kwa moli, na kanuni za fizikia zinaizuia kuitoa nishati hiyo kwa urahisi. Ikiachwa peke yake bila kuguswa, ingechukua zaidi ya saa moja kutoa mwanga. Ukakamavu huo ndio unaoifanya iwe ghala zuri la nishati. Unaizalisha sehemu moja, unaisafirisha kwa bomba, na inafika bado imebeba mzigo wake.

Lakini kitu kisichotaka kutoa mwanga hakifai kuwa leza chenyewe. Hapo inaingia atomu ya iodini, ambayo hali yake ya juu inahitaji kilojuli 91, karibu sawa kabisa na mzigo wa oksijeni. Zikigongana, nishati inahama, na iodini inatoa mwanga wa mikromita 1.315.

Iodini inaletwa ikiwa molekuli ya atomu mbili, na kuivunja kunahitaji kilojuli 149 hivi. Oksijeni moja iliyosisimka haitoshi. Lazima zaidi ya moja zishiriki, hatua kwa hatua. Namna hasa hatua hizo zinavyofuatana imebishaniwa na watafiti kwa miaka mingi, na spektra ndizo zilizotumika kama ushahidi wa kila upande.

12. Oksijeni hiyo inapimwaje ikiwa haitaki kutoa mwanga?

Inatoa, ila kidogo mno, kwenye nanomita 1268. Kitambuzi kizuri cha infraredi kinaunasa mwanga huo. Sehemu ya oksijeni iliyobaki kwenye hali ya kawaida inapimwa kwa kupitisha mwanga wa leza ndogo karibu na nanomita 760, ambako oksijeni ya kawaida ina mistari yake ya kumeza mwanga. Ukizijua zote mbili, unajua asilimia ngapi ya oksijeni imesisimka.

Kuna na ishara inayoonekana kwa macho. Kimiminika kile kinapofanya kazi kinang'aa kwa wekundu hafifu gizani. Wekundu huo unatokea molekuli mbili zilizosisimka zinapokutana na kutoa nishati zao kwa pamoja katika fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Hesabu ni nyepesi: nishati mara mbili, urefu wa wimbi nusu, yaani nusu ya 1268, ambayo ni nanomita 634. Mwanga mwekundu! Wanafunzi wakiifanya hesabu hii wenyewe ubaoni, huwa hawaisahau tena.

13. Kwa nini gesi irushwe kwa kasi inayozidi ya sauti?

Kwa ajili ya baridi. Gesi inayopanuka kwenye nozeli inapoa sana. Nishati ya oksijeni iko juu kidogo ya ile ya iodini, na kwenye baridi pengo hilo dogo linakuwa kama mteremko ambao iodini haiwezi kuupanda kurudi. Kwenye joto la chumba, ili mpinduko upatikane, takriban asilimia 15 ya oksijeni lazima iwe imesisimka. Kwenye kelvini 150, asilimia 4 hadi 5 inatosha. Chochote kinachozidi hapo kinaweza kutolewa kama mwanga.

Kasi pia inafagia gesi iliyochoka na joto lake. Na hapa tena wapimaji wa spektra wana kazi: leza ndogo inapitishwa taratibu juu ya mstari wa 1.315, na upana wa mstari ule unatoa halijoto ya gesi ndani ya mkondo, mahali ambapo ukiingiza kipimajoto utauvuruga mkondo wenyewe. Mvuke wa maji nao hufuatiliwa kwa njia hiyo hiyo, kwa sababu maji yanaituliza iodini kabla haijatoa mwanga.

14. Ziliwahi kutumika kwenye kazi halisi?

Ndiyo, na nyingi zilikuwa za kijeshi. Marekani ilijenga leza ya DF ya kiwango cha megawati, MIRACL, iliyowekwa White Sands huko New Mexico. Mwaka 1997 ilielekezwa kwenye setilaiti ya Marekani yenyewe kama jaribio. Leza nyingine ya DF, iliyojengwa na Marekani pamoja na Israeli, iliangusha roketi ya Katyusha mwaka 2000. Leza ya oksijeni na iodini iliwekwa ndani ya ndege aina ya Boeing 747, na tarehe 11 Februari 2010 iliharibu kombora la majaribio nje ya pwani ya California. Mradi huo ulifungwa mwaka 2011.

Ni lazima mtu aseme wazi kwamba fedha nyingi za utafiti huu zilitoka huko. Kwa upande wa viwanda, mwanga wa 1.315 unapita vizuri kwenye nyuzi za kioo, na Japani ilitafiti kuitumia kukata vyuma. Kilichozizuia leza hizi ni mzigo wa tangi za kemikali za sumu, wakati leza zinazotumia umeme zimeendelea kuwa imara na rahisi.

## Maswali ya pembeni

15. Kwa nini hakuna leza ya kemikali ya mwanga unaoonekana?

Imetafutwa kwa miongo. Mwanga unaoonekana unahitaji nishati kubwa zaidi, na kwa kawaida lazima iingie kwenye elektroni. Mimenyuko ya mvuke wa metali ilileta matumaini. Bariamu ikikutana na oksidi ya naitrojeni ya N₂O inatoa mng'ao mzuri sana. Lakini mwanga huo ulipotawanywa, ilikutwa mng'ao umesambaa kwenye mistari mingi mno, kila mstari ukiwa na molekuli chache. Mng'ao unaopendeza macho si lazima uwe na mpinduko. Zaidi ya hapo, hali za juu zinazotoa mwanga unaoonekana hujitoa haraka, kwa hiyo huwezi kuzirundika kama ghala la oksijeni la swali la 11.

Jaribio lililozaa matunda kwa upande wa kemia mpya lilitumia molekuli ya NCl (ya naitrojeni na klorini) iliyosisimka badala ya oksijeni. Lilionyeshwa Kirtland mwaka 2000, na gesi tupu bila kimiminika. Hata hivyo, iliyotoa mwanga ni iodini ile ile, kwenye 1.315.

16. Kama umeme unatumika kutengeneza atomu za florini, bado ni leza ya kemikali?

Ndiyo, mradi nishati ya kupanda kwenye kidato cha juu inatoka kwenye mmenyuko. Umeme hapo ni kama kiberiti kinachowasha moto, na kuni ndizo zinazoivisha chakula.

Mpaka unakuwa mgumu kwenye leza ya iodini ambayo oksijeni yake inasisimuliwa kwa umeme. Watafiti wa Illinois waliionyesha mwaka 2005. Hapo nishati imetoka kwenye umeme, na kemia imebaki kuwa mchukuzi. Mimi siiiti leza ya kemikali, ingawa vipimo vya spektra vinavyotumika ni vile vile vya maswali ya 12 na 13.

17. Kimulimuli naye hutoa mwanga kwa kemia. Anaweza kuwa leza?

Hawezi. Mwanga wake ni wa kemikali kweli, lakini mmenyuko ni wa polepole, na molekuli zilizosisimka kwa wakati mmoja ni chache. Mwanga unatoka pande zote, na bendi yake ni pana. Vijiti vya plastiki vinavyong'aa ukivikunja vina hali hiyo hiyo. Leza inataka kundi kubwa lisisimke kwa pamoja, haraka kuliko linavyotulia.

18. Niko sekondari, shule haina maabara kubwa. Naweza kuona nini?

Mengi kuliko unavyodhani. Chukua CD ya zamani. Mistari yake imepangwa kila mikromita 1.6, na inatawanya mwanga vizuri. Tengeneza boksi la karatasi ngumu lenye ufa mwembamba upande mmoja, weka kipande cha CD ndani kikiwa kimeinama, na uchungulie kupitia tundu la pembeni. Tia chumvi ya mezani kwenye mwali wa spiriti, utaona mstari wa njano wa natiri karibu na nanomita 589, ule ule uliomshughulisha Michael Polanyi kule Berlin. Kisha elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kwenye simu nyingi utaona nukta ikiwaka ambayo jicho lako haliioni. Hiyo ni infraredi. Usitegemee kuona mwanga wa 1268 kwa njia hiyo, kwa sababu silikoni ya kamera inakuwa kipofu baada ya nanomita 1100 hivi.

Usijaribu mmenyuko wowote wa leza hizi nyumbani. Dawa ya kung'arishia nguo ikichanganywa ovyo inaweza kutoa klorini, na klorini inaunguza mapafu.

19. HF ni hatari kiasi gani?

Ni hatari kwa namna inayodanganya. Asidi nyingine inaunguza na unapiga kelele papo hapo. HF iliyochanganywa na maji inaweza kupenya ngozi bila maumivu makali mwanzoni, kisha ioni za floridi zinashika kalisi iliyo mwilini, na moyo unaweza kuvurugika. Maabara inayoitumia huweka jeli ya glukoneti ya kalisi mahali pa kufikika haraka, na kila anayeingia anaonyeshwa ilipo kabla hajaonyeshwa kifaa kingine chochote. Anayemwagikiwa anaosha kwa maji mengi mara moja, anapakwa jeli, na anapelekwa hospitali hata kama anasema hasikii kitu.